Jela ya kaunti iliyozeeka: dalili unayoiona na chanzo usichokiona

Choo cha ofisini hutumika saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Choo cha seli hutumika usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, na mara nyingi na watu wawili au watatu katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya mmoja. Hakuna likizo ya kulifunga jengo ili mafundi waingie. Ndiyo maana jela huchakaa haraka kuliko mahakama au shule iliyojengwa mwaka uleule.

Nina miaka 11 katika matengenezo ya jela ya kaunti moja hapa Marekani, jengo la mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haya ndiyo ninayowaeleza vijana wanaojiunga na kikosi chetu, na siku hizi wengi wao ni wenzetu kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi. Kwa aliye nyumbani: jela ya kaunti ni mahali pa kuwashikilia wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi, gereza la jimbo ni kitu kingine. Karibu 7 kati ya kila watu 10 waliomo katika jela za namna hii nchini humu bado hawajahukumiwa. Kwa kawaida sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ndiye anayeiendesha jela, lakini fungu la fedha liko mikononi mwa bodi ya kaunti. Kumbuka mgawanyo huo, kwa sababu kuna matatizo ambayo hayazibiki kwa spana.

Ninachosisitiza ni kimoja: dalili hutokea mahali pamoja, chanzo kikawa pengine, na anayejua saa na namna dalili inavyotokea ni yule anayelala humo ndani. Muulize kabla hujafungua sanduku la vifaa.

Kabla ya kugonga chochote

Jengo likiwa la mwaka 1980 au la kabla ya hapo, kanuni za usalama kazini za Marekani zinakutaka uchukulie kwamba vifuniko vya joto vya mabomba, plasta ya kupuliziwa na vigae vya plastiki vya sakafuni vina asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, mpaka maabara iseme vinginevyo. Rangi kwenye vyuma vya seli ni tabaka juu ya tabaka, na zile za chini huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukizisaga kwa grenda bila kinga, vumbi lake unamwachia mtu asiyeweza kutoka nje kupunga hewa. Chukua sampuli, subiri majibu.

Maji machafu yanapanda kwenye choo cha seli ya chini

Anza kwa kuhesabu seli. Ikiwa ni moja tu, kizuizi kiko kwenye choo hicho au kwenye tawi lake fupi, na mara nyingi ni kipande cha shuka, mfuko wa chakula au soksi. Zikiwa mbili zinazopeana mgongo, ingia kwenye kijia cha mabomba, ule uchochoro mwembamba ulio katikati ya safu mbili za seli, ukaangalie kiungo zinachochangia. Safu nzima ya chini ikifurika, shida iko kwenye bomba kuu la mlalo chini ya sakafu. Na maji ya chini yakipanda kila ghorofa ya juu inapovuta vyoo, ujue bomba la wima limeziba chini ya mahali matawi yanapokutana.

Ukishahesabu, uliza saa. Hapo ndipo tulipopotea miezi minne. Seli moja ya chini ilikuwa ikifurika, tunazibua, baada ya siku mbili inafurika tena. Kwenye kitabu cha kazi maneno yalikuwa yaleyale: choo kimeziba, kimezibuliwa, sawa. Maofisa walisema aliyemo anatupa vitu makusudi. Siku moja nilikwenda mwenyewe, nikamkuta mtu wa makamo amelikunja blanketi lake na kulizungusha chini ya choo kama tuta la shambani. Kiingereza hakukijua. Nilisema "pole" kwa mazoea tu, akainua kichwa. Alikuwa mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Akaniambia, "Papa, mayi inapandaka kila asubui, saa ile ya kuosha masahani. Mimi situpake kitu."

Jikoni iko upande mwingine kabisa wa jengo. Tulipitisha kamera ya bomba kuanzia chemba ya nje, tukaona bomba la jikoni linaingia kwenye bomba la seli, na pale linapoingia, chuma kimebonyea kama tumbo kwa sababu udongo wa chini yake umeondoka. Mafuta ya jikoni yalikuwa yamejaa kwenye tumbo hilo, meupe na magumu kama sabuni ya mche. Maji ya kuoshea vyombo yalikosa pa kwenda, yakarudi kutafuta tundu lililo chini kuliko yote, na tundu hilo lilikuwa choo chake. Springi, ule waya mrefu wa kuzibulia tuliokuwa tukiuingiza kutoka selini, ilitoboa njia nyembamba katikati ya mafuta, na baada ya siku mbili njia ikajifunga. Miezi minne mtu huyu alikuwa akitwikwa kosa la bomba.

Unapotazama kamera, tafuta mambo matatu. Kwanza, maji yaliyotuama wakati hakuna anayetumia: hilo ni tumbo. Mteremko wa bomba la maji taka unatakiwa uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na sakafu iliyokaa juu ya udongo ulioshuka huupoteza. Pili, kutu iliyovimba na kufanya vichuguu ndani ya bomba, inayonasa kila kitambaa kinachopita. Tatu, bomba lililoliwa upande wa chini hadi likaisha, unaona udongo mtupu. Bomba la chuma cha kusubu hukadiriwa kudumu miaka 50 hadi 75 kwenye jengo la kawaida. Huliwa juu na gesi ya maji taka inayogeuka asidi, huliwa chini na maji yasiyoondoka. Likifika hatua ya tatu, springi inaongeza uharibifu. Pima urefu, piga picha, omba libadilishwe.

Kwa vyoo vinavyovutwa mfululizo ili vifurike, vipo vidhibiti vya kielektroniki vinavyohesabu: ukivuta mara 2 ndani ya dakika chache, vali inajifunga kwa muda. Vinasaidia sana. Lakini angalia muda uliowekwa. Niliwahi kukuta umewekwa saa nzima, na mtu anakula chakula chake hatua mbili kutoka kwenye choo kisichovutika. Dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Mpangilio wa kazi usiupindue: watu wahamishwe kwanza, ndipo uzibue, ndipo usafishe kwa dawa ya kuua vijidudu. Novemba 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mfungwa wa Texas aliyewekwa siku 6 katika seli mbili za kinyesi na maji taka, ikasema hakuna ofisa yeyote mwenye busara ambaye angedhani Katiba inaruhusu jambo hilo. Tiketi ya kazi ya maji taka iandike dharura, hata kama ni saa 8 za usiku.

Maji ya bomba ni ya kahawia, au hayana nguvu

Fungua ya baridi peke yake, kisha ya moto peke yake. Kahawia kwenye moto tu ni tangi la maji moto. Kwenye yote mawili, ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki au ni bomba la mji. Waulize jirani zako wa mahakamani kama na wao wanayaona. Kahawia ya alfajiri inayosafika baada ya dakika chache ni kutu iliyolala kwenye bomba lako mwenyewe usiku kucha.

Kwa nguvu ya maji, unganisha geji ya kuipimia. Soma namba koki zikiwa zimefungwa, kisha fungua. Namba ikiwa nzuri zimefungwa na kuporomoka zikifunguliwa, bomba limekonda kwa ndani au kuna vali iliyofunguliwa nusu. Tafuta vali kwanza, maana ni bure. Nimewahi kukata bomba la inchi 1 nikakuta tundu lililobaki halipitishi penseli. Kishawishi ni kuongeza nguvu ya pampu. Usifanye hivyo: bomba lililokondeana litapasuka mahali pabaya kuliko pote, ndani ya ukuta, usiku. Na ukikuta uvujaji kwenye kiungo kimoja kila mwaka, chungulia kama fundi wa zamani aliunganisha shaba moja kwa moja na chuma cha zinki. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji, zinki na chuma vinaliwa. Weka kiungo cha kutenganisha.

Malalamiko ya maji ya kuoga yaliyo vuguvugu usiyachukulie kama malalamiko ya starehe. Bakteria wa legionela, wale waliotambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu wa Philadelphia mwaka 1976, hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, na hupenda mabomba yasiyotumika, kama yale ya bloku iliyofungwa kwa sababu ya upungufu wa maofisa. Tangi likae nyuzi 60, kisha vali ya kuchanganya ipunguze joto kabla ya bafu ili mtu asiungue. Bloku iliyofungwa ipitishiwe maji kila wiki, moto na baridi, na aliyefanya aandike tarehe.

Zege linavimba, linapasuka, linameguka

Dalili huanza na mstari wa kahawia unaofuata njia ya nondo, kwenye dari ya bafu au chini ya ukumbi wa ghorofa. Baadaye bonge huanguka. Watu husema zege limechoka. Zege lenyewe kwa kawaida bado lina nguvu. Kilichobadilika ni nondo iliyo ndani.

Zege jipya lina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 13, na ndani ya alkali hiyo nondo haishiki kutu. Hewa ya ukaa inaingia polepole kutoka usoni, inaishusha pH chini ya 9, na ule ulinzi unatoweka. Maji na oksijeni vikifika, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo inayolisukuma zege likapasuka. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hufanya kazi hiyo haraka zaidi, kwa hiyo mlango wa magari wa kupokelea mahabusu huwa wa kwanza kuharibika.

Vipimo viwili havina gharama. Gonga kwa nyundo ndogo, ukisogea kiganja kwa kiganja: zege zima linalia kama jiwe, lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Zungushia chaki kila panapolia debe, na utashangaa eneo lilivyo kubwa kuliko ufa unaouona. Kisha vunja kipande kidogo, upulizie fenolfthalini, kemikali ya kupimia alkali. Panapogeuka pinki pana alkali bado. Pasipobadilika rangi, ulinzi umekwisha. Pima kina cha sehemu isiyo na rangi, ulinganishe na kina cha nondo. Mwendo huu hupungua kadiri unavyoingia ndani: kina kikizidi mara 2, muda umezidi mara 4. Zege lililoingiliwa milimita 10 katika miaka 16 litafika milimita 20 kwenye mwaka wa 64. Hesabu hiyo inakuambia kama una muda wa kupanga, au umechelewa.

Kiraka cha saruji juu ya nondo yenye kutu hudumu miaka miwili, mitatu. Kazi ya kudumu inataka uchimbe mpaka nyuma ya nondo, uifuate hadi uione ikiwa safi pande zote mbili, uisugue hadi ing'ae, uipake kinga, ndipo uzibe kwa mota ya saruji ya kukarabatia. Nondo ikiwa imekonda waziwazi, simama, mwite mhandisi wa miundo. Na hakuna maana ya kufanya haya yote kabla ya kuzuia maji yanayoshuka kutoka bafu la juu. Bafu la pamoja lenye watu 40 linavuja kwenye kona ya sakafu na ukuta, mahali ambapo utandu wa kuzuia maji umeng'oka. Mwaga maji yenye rangi kwenye kona hiyo, shuka chini, subiri.

Ukuta unachimbika kwa kijiko

Hii ni dalili nzito, na isiishie kwenye ripoti ya nidhamu. Jela kuu ya Kaunti ya Fulton, Atlanta, ilifunguliwa mwaka 1989. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Novemba 2024 ilieleza jinsi waliomo walivyokuwa wakichomoa vipande vya jengo lenyewe na kuvifanya silaha, na Januari 2025 kaunti ikaingia makubaliano ya kisheria na wizara hiyo. Jengo la miaka 35 tu.

Ukuta wa matofali ya saruji unakuwa mgumu kwa sababu mashimo yake yamejazwa zege na nondo. Yakiachwa wazi, unabaki kuwa ganda. Gonga katikati ya kila tofali usikilize. Kwaruza mota ya viungo kwa ufunguo: ikitoka unga, tafuta maji, maana mota huoza kwa unyevu wa kudumu, na upande wa pili wa ukuta huo karibu kila mara ni kijia cha mabomba chenye bomba linalotiririka. Ukiona chumvichumvi nyeupe usoni mwa ukuta, ndiyo njia ya maji hiyo. Zuia uvujaji, jaza mashimo kwa zege laini, ziba viungo kwa mota ngumu ya epoksi, na panapoguswa sana funika kwa bamba la chuma. Rangi mpya peke yake inamfumba macho ofisa wa ukaguzi tu.

Taa ni ya kijani, lakini mlango unafunguka

Kwenye paneli yetu kijani maana yake salama. Mlango wa seli unatakiwa uwe na swichi mbili: moja inasema mlango umeegeshwa, nyingine inasema komeo limeingia na kujikaza. Taa isiwake kijani mpaka zote mbili zikubali. Mwaka wangu wa pili nilifungua boksi la mlango uliokuwa ukifunguka kwa kutikiswa, nikakuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kimeunganisha ncha mbili za swichi ya komeo. Fundi fulani, miaka mingi nyuma, alichoshwa na kengele za uongo akainyamazisha. Tangu siku hiyo paneli ilikuwa ikisema kijani hata komeo likiwa nje. Tulifungua milango yote ya bloku ile, tukakuta nyaya saba.

Chanzo cha pili ni tundu la komeo kujazwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, ikakauka ikawa ngumu kama mti. Komeo linaingia nusu. Safisha matundu yote kila wiki kwa bisibisi na tochi. Cha tatu hukioni haraka: fremu imeliwa kutu miguuni. Maji ya deki yanasukumwa pale kila siku, mwaka baada ya mwaka, chuma kinaoza chini ya rangi, fremu inashuka milimita chache na komeo halikutani tena na tundu lake. Ukiona alama mpya ya mkwaruzo juu au chini ya tundu, piga magoti uibonye fremu kwa bisibisi pale chini. Ikizama, umepata chanzo.

Taa nyekundu na mlango umekaza kabisa? Angalia waya unaopita kwenye bawaba. Hupinda kila mlango unapofunguliwa, na siku moja hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Milango ya upande mzima ikifa pamoja, acha vitasa, nenda kwenye chumba cha umeme: ni chanzo cha umeme, rilei au kadi ya udhibiti. Kadi za miaka ya 1980 na 1990 hazitengenezwi tena, na kunyofoa vipuri kwenye bloku iliyofungwa kuna mwisho wake. Hesabu zilizobaki, uandike kwa bodi zikiwa bado nusu.

Kila mwezi, mlango kwa mlango: funga, hakikisha kijani, vuta kwa mikono miwili, tikisa. Kisha ufungue kwa ufunguo wa mkono kama vile umeme umekatika na kuna moshi. Mlango usiofungika na mwingine usiofunguka ikinijia siku ileile, mimi huanza na usiofunguka.

Kule Raymond, Mississippi, jela ya Kaunti ya Hinds ilifunguliwa mwaka 1994. Kulikuwa na makubaliano ya mahakama mwaka 2016, na mwaka 2022 Jaji Carlton Reeves akaamuru jela hiyo iwekwe chini ya msimamizi wa kuteuliwa na mahakama. Milango ya seli isiyofungika ilikuwa miongoni mwa matatizo yaliyotajwa mwaka baada ya mwaka.

Ukungu unarudi kila ukipaka rangi

Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku moja hadi mbili. Maji yakijikusanya chini ya nailoni, unyevu unatoka ndani ya ukuta: tafuta uvujaji au paa. Yakiwa juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani: watu wanapumua, wanaoga, wanakausha nguo, na hewa haitoki.

Kwa hewa, weka karatasi nyepesi ya chooni kwenye tundu la kutolea. Ikinata, inavutwa. Ikianguka, panda juu ya paa. Mkanda wa feni umekatika, au njia imejaa vumbi la nguo na blanketi. Kuna jambo jingine nimelikuta mara mbili: feni inazunguka kinyume baada ya mtu kubadilisha mota ya umeme wa fezi tatu na kupishanisha nyaya mbili. Inaunguruma vizuri, inatikisika vizuri, lakini inasukuma hewa kidogo mno. Tazama mshale uliochorwa kwenye ganda lake.

Ukikuta tundu la kuingizia hewa limezibwa kwa karatasi iliyoloweshwa, maofisa watataka kuandika kosa. Simama chini ya tundu hilo dakika kumi ukiwa umevaa fulana moja, Januari wakati wa theluji, ndipo useme. Mara nyingi vifuniko vya kugawia hewa vimeganda kwa kutu, seli mbili zinapokea hewa ya seli kumi, na aliyemo anaganda kwa baridi huku wa mwisho wa safu wanatoka jasho. Legeza vifuniko, pima upya, karatasi zitaondoka zenyewe.

Umeme

Nitapita haraka, kwa kuwa si pa kujifunzia kwa kusoma. Breka inayokatika mara kwa mara usiibadilishe kwa kubwa zaidi. Piga kamera ya joto kwenye paneli wakati wa mzigo mkubwa, saa ya jikoni na ya kufulia. Kiungo chenye joto kuliko jirani zake ndicho cha kukaza au kubadilisha. Jenereta iwashwe kila mwezi dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Kuiwasha tupu ikaunguruma kisha ukaizima hakukuambii kitu, na kunachafua injini. Swichi ya kuhamisha umeme nayo ijaribiwe, maana ndiyo inayogoma usiku wa dhoruba.

Kiraka cha tatu mahali palepale

Mahali pakizibwa mara tatu ndani ya mwaka, tatizo limetoka mikononi mwa fundi na limeingia kwenye bajeti. Hapa watu hulaumu umri, na umri mara nyingi unasingiziwa. Men's Central Jail ya Los Angeles ni ya mwaka 1963, na bodi ya kaunti ilipiga kura mwaka 2021 ifungwe. Lakini jela ya Kaunti ya Oklahoma ilifunguliwa mwaka 1991 tu, na kufikia Juni 2022 wapiga kura walikuwa wameidhinisha mkopo wa dola milioni 260 kujenga nyingine. Kati ya majengo hayo mawili kuna tofauti ya miaka 28. Tazama badala yake idadi ya watu ambayo jengo lilipimiwa na idadi iliyomo leo, halafu tazama ni miaka mingapi mfululizo fedha za matengenezo zimesogezwa mbele.

Ripoti yako kwa bodi iwe na vitu vichache: namba ya seli, saa, kilichokuwa kikiendelea sehemu nyingine ya jengo, mara ngapi, picha, na gharama ya viraka vyote vya mwaka ikiwekwa kando ya gharama ya kubadilisha. Kama wajumbe wanakubali kuja, usiwapeleke kwenye seli zilizosafishwa asubuhi ile. Waingize kwenye kijia cha mabomba saa ya kuoga. Sisi tulimwingiza mjumbe mmoja, tukampa tochi, tukamwacha asimame dakika kumi. Maji yalimdondokea begani kutoka kwenye bomba la ghorofa ya tatu, akanyanyua mwanga akaona vibano vya mpira tulivyofunga mwaka baada ya mwaka, kimoja juu ya kingine, hadi chuma chenyewe hakionekani. Aliuliza ni vingapi. Nilikuwa nimevihesabu: 61.

Bomba la jikoni lilibadilishwa mwaka huo, mita zote, na likapewa njia yake lenyewe hadi kwenye chemba. Yule mtu wa Uvira alikuwa ameshatoka. Kesi yake ilifutwa. Upande wa kaskazini bado unasubiri fedha, na kila Jumatatu naandika upya: seli, saa, na maneno ya aliyeniambia, kama alivyoyasema.